Mwenye Kisima Hunywa Kwanza

Habari kwamba kisima cha Advera kina dawa zilienea Itetemia yote usiku mmoja, na asubuhi ua wake ulijaa ndoo kuliko siku ya msiba. Watu walikuja na madumu, wakaja na sufuria, wakaja na chupa za soda zilizokatwa shingo. Mama mmoja alimbeba mwanawe mwenye kikohozi, eti anyweshwe palepale maji yakiwa bado ya baridi. Mzee mmoja mwenye macho mekundu hakutaka hata kuchota. Aliinama tu akaomba amwagiwe usoni.

Na aliyezieneza habari hizo hakuwa mwongo. Alikuwa Amne, mtafiti wa chuo kikuu aliyekuja kupima maji ya mtaa. Jana yake alisimama kwenye mkutano akasema kweli tupu: "Ndugu zangu, kwenye kisima cha Mama Shilinde tumekuta dawa za hospitali. Za vidonda, za kifua, za maumivu. Zinatoka kwenye maji machafu ya kiwanda cha dawa pale Mwinamila na kupenya chini ya ardhi." Aliendelea kueleza madhara, lakini nani alikuwa anamsikiliza tena? Hawa ni watu ambao daktari akiwaandikia dawa hununua nusu, nusu nyingine wanamwachia Mungu. Leo unawaambia dawa iko kisimani, ya bure, halafu unawakataza wasichote! Thubutu!

"Mama Shilinde, hebu tupishe," alisema Kashindye, jirani wa Advera wa ua kwa ua, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Kisima hiki hakijawahi kumnyima mtu."

"Nani kamnyima mtu? Nasema maji ni mabaya! Yamepimwa!"

"Yamepimwa yakakutwa na dawa. Sasa ubaya uko wapi? Mgongo unaniuma tangu tupalilie mahindi. Unataka nikae na maumivu yangu, na dawa iko hapa?"

Advera akageuka kumtafuta mumewe amsaidie. Loo! Lugembe alikuwa amekaa kwenye kigoda upenuni, suruali kaikunja mpaka gotini, mguu wa kulia ameutumbukiza kwenye beseni la maji ya kisima. Mguu ule ulikuwa na kidonda tangu jembe limkate wakati wa kulima matuta, na kidonda chenyewe kilikuwa kimegoma kupona.

"Baba Shilinde! Na wewe?"

"Na mimi nini? Sindano nimechomwa, vidonge nimemeza, mafuta nimepaka. Kama dawa imetufuata mpaka nyumbani, tuifukuze?"

Watu wakacheka, wakazidi kujaza ndoo. Lugembe alikuwa mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya Wamoravian, na hata akisema upuuzi sauti yake iliufanya usikike kama mahubiri.

Amne alifika kwa bodaboda kuchukua maji mengine ya kupima. Alipouona umati alishika kichwa. Alipoliona beseni alipiga ukelele. "Baba! Toa mguu humo!"

"Mtani, usinipigie kelele kwangu," alisema Lugembe. Amne alikuwa Mzaramo wa Bagamoyo, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, haogopwi wala haonewi haya. "Babu zetu walibeba pembe mabegani kutoka hapa mpaka kwenu, mkawarudisha na shanga. Leo ndiyo kwanza mnatuletea jambo la maana, unataka kulinyang'anya?"

Amne hakucheka. Alichuchumaa, akaunyanyua mguu kwa mikono yake miwili, akaukausha kwa mtandio wake. "Baba, dawa iliyomo humu ni kidogo mno. Haikuponyi hata ukikaa na beseni mwaka mzima. Lakini inatosha kuwazoesha wadudu wa kidonda. Mtoto ukimchapa kidogo kidogo kila siku, mwisho haogopi fimbo. Siku daktari akileta dawa ya kweli, watabaki wanamtazama."

"Nimekuwa nikiosha na maji haya tangu niumie," Lugembe akasema. Hakuwa anatania tena.

Advera akalitazama beseni. Aliyekuwa akimchotea maji hayo, akayatia chumvi, akamwosha taratibu kila asubuhi kwa mapenzi yake yote, ni yeye.

* * *

Daktari wa hospitali ya mjini alikuwa kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliwakalisha wote wawili, jambo ambalo Advera alilishukuru, maana kwingine alikozunguka na mgonjwa wake alikuwa akisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba.

"Tumepima usaha," alisema. "Dawa zote alizotumia hazifui dafu kwa wadudu hawa. Wamekuwa sugu. Imepatikana moja inayowaweza, tutaianza leo. Ila vidole viwili vimeshaoza, lazima viondoke. Tukichelewa utaondoka mguu."

"Ni maji ya kisima chetu?" Advera aliuliza.

"Mama, siwezi kuapa. Wadudu sugu wanatoka pengi, hata kwa sisi wenyewe tunaomeza dawa nusu nusu. Lakini kwa majibu ya yule mtafiti, mimi kidonda changu nisingekiosha na maji yale."

Advera akatazama sakafu. Lugembe alimshika mkono mbele ya daktari, kitu ambacho hakuwa na mazoea ya kukifanya mbele za watu.

"Viondoeni," alisema. "Besi haiimbwi kwa vidole vya miguu."

"Nyamaza wewe!" Advera akafoka, na machozi yakamtoka. "Unafanya mzaha na mwili wako!"

"Sasa nifanye nini, Mama Shilinde? Nilie? Ukirudi nyumbani kalie wewe kwa niaba yangu, halafu ukimaliza ukawatafute waliotufanyia hivi. Mimi nitakuwa nimelala."

* * *

Advera alirudi nyumbani peke yake. Alikuwa anaanika michembe ya viazi uani aliposikia kengele ya baiskeli, na baada yake sauti ikiamkia kwa Kinyamwezi: "Mwangaluka, mama."

Alikuwa mzee mmoja wa Ulyankulu, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, kafunga madumu ya asali nyuma ya baiskeli. Advera alimjua kwa sura miaka mingi, jina hakuwahi kumuuliza. Ndiyo ilikuwa sheria ya pale. Kisima kilichimbwa na babu zake Lugembe pembeni mwa njia ya misafara, wakati wapagazi wakipita na mizigo, na tangu hapo hakijawahi kutiwa kufuli. Anayepita na kiu haulizwi jina, haulizwi kabila, haulizwi anakotoka. Na mwenye kisima hunywa kwanza. Zamani zile watu walitiliana sumu njiani, kwa hiyo mwenye maji aliinua kata, akanywa mbele ya mgeni, mgeni akamwona anameza, ndipo akapewa. Mama mkwe wake alipokuwa anakufa hakumwachia Advera ng'ombe wala shamba. Alimwachia ile kata ya kibuyu, imeshikwa mpaka mpini wake unang'aa.

"Shikamoo, baba," alisema Advera.

"Marahaba. Naomba maji, mwanangu. Jua la leo limeniamulia."

Mkono ulikwenda wenyewe. Aliteremsha ndoo, akachota, akajaza kata, akaileta mpaka mdomoni. Maji yalikuwa safi, yananukia udongo wa baridi kama siku zote. Akasimama hivyo. Akiyanywa, atakuwa anamdanganya mzee wa watu kwamba ni mema. Asipoyanywa hawezi kumpa. Mzee alikuwa anamtazama koo, kama wageni wote wanavyotazama, anasubiri limeze.

Advera akayamwaga chini.

"Baba, nisamehe. Maji haya hayanyweki. Na ya bombani yameniishia, sijaenda foleni leo."

Mzee alitazama kisima, akatazama tope pale maji yalipomwagika. "Mimi nilipita hapa kijana, tunakimbia vita ya kwetu ng'ambo ya mpaka," alisema polepole. "Kila mlango tulioubisha tuliulizwa nyie ni kina nani. Hapa mama yako mkwe hakutuuliza. Alikunywa, akatupa." Hakulaumu. Alisema tu pole, mwanangu, akageuza baiskeli yake, akaisukuma kwenda barabarani na kiu yake.

Hapo ndipo Advera alipolia, na alilia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Tangu waje wenye bunduki, waje wakusanya kodi, ije njaa, kisima kile hakikumrudisha mtu. Leo yeye ndiye aliyemrudisha mtu, kwa mkono wake, kwa sababu ya watu wenye geti la chuma waliomwaga uchafu wao halafu wakaenda kulala. Alikaa akaifuta kata kwa upindo wa kanga. Kisha akaifunga kiunoni, akampigia simu Amne.

"Mwanangu, hicho kiwanda nataka kukiona kwa macho yangu."

* * *

Njiani Amne alimweleza kuhusu mashine. Mwaka uliopita chuo kilifunga kiwandani pale kasha refu la chuma, jeupe, ambalo wafanyakazi waliliita friji. Ndani yake mlikuwa na mabamba yamepangwa kama vitabu kabatini. Maji machafu yanapita kati ya mabamba, umeme unapita ndani ya maji, na dawa iliyomo inavunjwavunjwa mpaka inakuwa si dawa tena.

"Yanakuwa ya kunywa?"

"Hapana, mama. Yanakuwa ya kumwaga bila kumdhuru mtu. Siku ya uzinduzi tulipima, dawa karibu yote ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana sielewi. Friji lipo, na kisima chako kinazidi kuwa kibaya."

Getini walimkuta mlinzi, Masanja, kijana wa Itetemia aliyekunywa maji ya kisima kile tangu anatambaa. "Shikamoo, mama. Baba anaendeleaje?" Aliwapitisha ubavuni mwa uzio mpaka bomba la maji machafu linapotokea. Maji yalikuwa yanatiririka kwenda kwenye dimbwi la kijani, na kasha jeupe lilikuwa limekaa kimya pembeni, mjusi analala juu yake.

"Mbona limezimwa?" Amne akauliza.

"Friji?" Masanja alilishangaa swali. "Si huwashwa wageni wakija? Wakiondoka linazimwa. Linakula umeme sana, wanasema."

Amne akalitazama kasha. Mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa unalaliwa na mjusi.

Meneja aliitwa Valentino. Alitoka ofisini amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na hakuwakaribisha ndani. Aliongea nao kivulini mwa gari lake. Amne alianza kumweleza kuhusu vipimo, naye akawa anaitikia kwa kichwa huku anaangalia simu. Kisha akamgeukia Advera.

"Bibi, nimesikia mzee anaumwa. Pole sana. Tutakusaidia." Akaita, ikaletwa katoni ya maji ya chupa, na kijana mwenye kamera. "Shika hapo tupige picha kidogo, ya kumbukumbu."

Advera alijikuta ameshashika katoni kabla hajafikiri. Mtu mkubwa akikupa kitu mkono unapokea, ndivyo tulivyolelewa, Mungu atusamehe. Kamera ikalia. Ndipo akaiweka katoni chini, juu ya vumbi.

"Sikuja kuomba chupa. Washeni friji."

Valentino alitabasamu. "Bibi, hiyo ni teknolojia. Kuna ratiba, kuna gharama, kuna wataalamu. Wewe unajua hata ile mashine inafanya nini?"

"Sijui. Najua imezimwa."

Tabasamu likamtoka meneja. "Masanja! Wasindikize hawa."

* * *

Kesho yake Advera alirudi na ndoo tupu. Alisimama nje ya geti, mahali pasipo kivuli, na Masanja alipomuuliza anataka nini alisema: "Naomba maji." Hakuongeza neno. Masanja akaenda ndani, akarudi na chupa. Advera akaikataa. "Mwambie meneja, sisi kwetu anayetoa maji hunywa kwanza. Na siyo ya chupa. Yale ya kwake, yanayotoka kwenye bomba lake na kuja kwangu. Aje anywe kidogo nimwone, halafu anipe." Na ile kata ya mama mkwe akaining'iniza kwenye chuma cha geti.

Alisimama mpaka jioni akarudi mikono mitupu. Siku iliyofuata alikwenda tena. Wafanyakazi wakipita na magari ya mizigo walimcheka, mmoja akamwita kichaa. Jua lilimchoma, miguu ikavimba, na kwenda haja ilibidi aingie vichakani mtu mzima na mvi zake. Mchana alimpelekea mumewe uji hospitalini, akarudi palepale.

"Wamekupa maji?" Lugembe aliuliza kitandani, mguu umefungwa bandeji nyeupe.

"Bado."

"Wamekutukana?"

"Kidogo."

"Basi kesho vaa gauni lako la Pasaka. Mtu akitukanwa atukanwe amependeza."

Alilivaa. Na asubuhi hiyo alipotoka uani alimkuta Kashindye anamngoja na ndoo kichwani, na nyuma yake wanawake wengine kumi na kitu. Kashindye hakumtazama usoni.

"Mgongo haukupona," alisema. "Mjukuu wangu ndiyo kwanza anaharisha. Usiniulize kitu, Mama Shilinde, twende."

Wakawa wanakwenda kila siku. Hawakufunga barabara, hawakurusha jiwe, hawakumtukana mtu, ingawa Kashindye ilibidi azuiwe. Gari likija walisogea likapita. Walipanga ndoo tupu mstari mmoja kando ya uzio, na kila aliyeingia na kutoka waliamkiana naye, kisha wakamwambia kwa adabu: "Tunaomba maji." Wengi wa wafanyakazi walikuwa watoto wa hapahapa, wanaifahamu ile kata na wanajua maana yake. Kumpita mtu anayeomba maji ukaenda zako ni jambo gumu kwa Mnyamwezi. Wakaanza kuingia kazini wameinamisha vichwa, na yule aliyemwita Advera kichaa akaanza kupitia mlango wa nyuma.

Polisi waliletwa mara moja. Walikuta akina mama wamekaa na ndoo. "Kosa lao nini?" askari aliuliza. "Wanaomba maji," Masanja akajibu. Askari akakuna shingo, akaondoka.

Kisha, asubuhi moja, friji likawaka. Lilisikika mpaka getini, linanguruma kwa chini. Kashindye akapiga kigelegele. Advera akamkamata mkono. "Subiri," alisema. "Tazama barabarani."

Magari mawili yalikuwa yanakuja. Wakaguzi wa mazingira.

Valentino mwenyewe alitoka kuwapokea, shati jeupe, mikono imefunguliwa. Aliwaambia wageni kwamba hawa ni majirani, kiwanda kinawasaidia kwa maji ya chupa, na kwamba wataona mtambo wa kisasa unaosafisha maji kwa umeme, unafanya kazi saa zote. Mkuu wa wakaguzi, mama mmoja mwenye miwani, aliitazama ile kata getini na zile ndoo.

"Wanataka nini?"

"Siasa tu," Valentino akasema.

Advera akasogea. Aliamkia kama inavyotakiwa, kisha akamgeukia mlinzi.

"Masanja, mwanangu. Umekunywa kwangu tangu hujaota meno. Kuna siku nimekupa maji sijanywa kwanza?"

"Hapana, mama."

"Basi waambie wageni. Friji hili limewashwa lini?"

Valentino alimtazama Masanja, na kila mtu pale alijua maana ya mtazamo ule. Masanja alikuwa na mke aliyemwoa juzijuzi na chumba cha kupanga, na kazi ya geti siku hizi haiokotwi. Akaiangalia ile kata.

"Alfajiri ya leo," alisema. "Baada ya simu ya kwamba mnakuja. Kabla ya hapo lilikuwa limezimwa tangu wageni waliopita."

"Umefukuzwa kazi!" Valentino akapaza sauti, na kwa kupaza huko akawa amejibu swali la wakaguzi wote.

"Nifukuze," Masanja akasema, naye akavua kofia. "Kisima hakitanifukuza."

* * *

Kiwanda kilisimamishwa mpaka mambo yarekebishwe. Ukaitishwa mkutano, ofisini safari hii, na viti. Valentino aliahidi, tena kwa maandishi, kwamba friji halitazimwa tena. Kila mtu akaridhika. Mwenyekiti wa mtaa alishaanza kutoa shukrani Advera aliposimama.

"Sitaki ahadi," alisema. "Nataka taa."

"Taa gani, mama?" mkaguzi mwenye miwani akauliza.

"Nguzo ndefu, nje ya uzio, ya upande wetu. Juu yake taa. Waya wake uunganishwe na friji, umeme ukipita kwenye mabamba taa iwake, usipopita izime. Niwe nachota maji kwangu nainua macho naiona."

Valentino alicheka kwa hasira. "Yaani tuwekewe mlinzi na vikongwe?"

"Eeh," Advera akasema. "Ndiyo maana yake. Na yule mlinzi mwingine mumrudishie kazi yake."

Amne alikuwa anaficha uso kwa daftari, mabega yanamcheza kwa kicheko. Aliulizwa kama inawezekana. Alisema inawezekana kabisa, tena ni rahisi, na aibu yake ni kwamba chuo kizima hakuna aliyewaza.

Nguzo ikasimamishwa, kiwanda kikafunguliwa. Taa ilikuwa ya kijani. Mara mbili ilizimika, na mara mbili zote, kabla meneja hajamaliza chai, wanawake walikuwa getini wamevaa magauni ya Pasaka na ndoo zao tupu. Mara ya kwanza ilikuwa balbu imeungua. Mara ya pili haikuwa balbu. Mara ya tatu haikutokea.

Lakini maji ya ardhini hayana haraka. Amne alipima, akatikisa kichwa. Zikaja mvua, akapima, akatikisa kichwa. Lugembe alirudi nyumbani na fimbo, akarudi kwaya, akaimba amekaa. Mwaka ule wote Advera alipanga foleni bombani kama watu wengine, na wapita njia akawapa maji ya bomba, akanywa kwanza, ingawa mwenyewe alisema hayana ladha.

Mvua za mwaka wa pili zilipokwisha, Amne alifika bila kupiga simu. Alishuka kwenye bodaboda, akavuka ua, akamkumbatia Advera kwa nguvu mpaka kitenge kikamwanguka.

"Hakuna kitu, mama. Tumerudia kupima, hakuna kitu. Kisima ni chako."

* * *

Siku ya kukifungua watu walijaa, na mzee wa Ulyankulu alitumiwa salamu akaja na baiskeli yake. Valentino naye alikuja. Hakualikwa na mtu, ila alikuja na yule kijana wa kamera, na fulana zenye jina la kiwanda, akawaeleza watu jinsi kampuni ilivyojitolea kurudisha maji safi kwa jamii. Kashindye alianza kuvua viatu amrushie. Advera akamwambia vivae.

Aliteremsha ndoo. Akajaza kata. Akanywa mbele ya wote, taratibu, wakamwona anameza, na Lugembe pale kwenye kigoda chake akatoa sauti moja ya besi iliyowasisimua watu mwili mzima. Wa kwanza kupewa alikuwa mzee wa Ulyankulu. Alikunywa, akafuta mdomo, akasema: "Ni yaleyale," na hapo Advera kidogo aangue kilio.

Kisha akachota tena, akanywa, akamwendea meneja.

"Karibu," alisema. "Hapa hatuulizi mtu jina lake."

Kamera iliinuliwa. Valentino aliipokea kata kwa mikono miwili, akatabasamu, akaileta mpaka mdomoni. Na hapo, kabla hajanywa, shingo ikamgeuka yenyewe. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu, juu ya mapaa ya mabati, mpaka kule Mwinamila kwenye nguzo.

Alikuwa anaangalia taa.

Watu wote walimwona. Hakuna aliyecheka, hata Kashindye.

"Inawaka," Advera akamwambia. "Tunaiangalia sisi kila siku, baba. Ingekuwa imezimwa nisingekunywa, na nisingekupa. Kunywa."

Valentino akanywa. Advera hakuondoka mbele yake mpaka alipoiona kata iko tupu.